Mlango wa Chumvi

Afisa wa kaunti alipanda hadi juu, akashuka, akaniambia sitapewa leseni ya kulaza wageni mpaka nyumba iwe na mlango wa pili, wa dharura. Nusura nimcheke. Mlango wa pili tulikuwa nao kabla yeye hajazaliwa!

Ulikuwa jikoni, mdogo hata mtu mzima ainame, umetobolewa kwenye ukuta kati yetu na jirani. Wanawake wa nyumba mbili hizi walipita hapo bila kuvaa buibui wala kukanyaga njia. Dharura zao nazijua: chumvi imekwisha, nazi imetoka mbovu, mtoto amekataa kunyonya. Ramadhani bakuli letu la tambi likipita hapo, na halikurudi tupu hata siku moja. Mamangu hakuwa akisema anakwenda kwa jirani. Akisema, "Naingia upande wa pili."

Jirani walipouza nyumba yao, aliyeinunua aliuziba kwa saruji. Siku hizi naye hulaza wageni, na leseni anaitaka vilevile, kwa hiyo tumekubaliana upesi. Fundi ameuvunja ukuta, ametia mlango mpya, na kila upande tumebandika kibao: Kwa dharura tu.

Jana nilikuwa napika, chumvi ikaniishia. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikabisha, "Hodi!"

Akafungua msichana mgeni, kajifunga taulo, macho yamemtoka, akaniuliza moto uko wapi.