Debe Lenye Mimba

Wiki iliyopita nilipita mtaa wa Mazwi, nikasimama mahali palipokuwa na kibanda cha fundi redio. Sasa panauzwa makava ya simu. Kijana wa pale aliniamkia, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti kitu. Utamwelezaje mtu wa umri ule kwamba hapo, penye makava, ndipo tulipojifunzia Kiingereza?

Shuleni tulifundishwa, ndiyo. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, suruali yake imenyooshwa pasi hata siku ya mvua, na kitabu kimoja kwa darasa zima. Lakini maneno yaliyokaa kichwani yalitoka kwenye kaseti za muziki wa kufokafoka. Madereva wa malori walizileta kutoka Zambia, zikiwa zimerekodiwa na kurekodiwa tena hadi sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Fundi alizitumia kujaribia redio alizotengeneza. Binti yake, tuliyesoma naye kidato cha tatu, alirudisha mkanda nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Tulisikiliza mstari, tukabishana, kesho yake tukamuuliza mwalimu. Vijana weusi wa Marekani walilalamikia njaa, kodi ya nyumba na polisi. Ndiyo maana tulijua kusema “exploitation”, yaani unyonyaji, kabla hatujajua mwiko unaitwaje kwa Kiingereza.

Neno lile halikukosa pa kukaa. Ushirika ulikuwa umekufa, ruzuku ya mbolea imeondolewa, na mahindi yalinunuliwa na watu binafsi waliokuja na debe lao, limegongwa kwa ndani mpaka likaota tumbo. Bibi yangu, aliyenilea, alilima matuta yetu ya Kifipa, nyasi zikifukiwa chini ziwe mbolea. Jioni za Juni, baridi ikipenya hadi kwenye mifupa, tulipukuchua mahindi hadi vidole vikachubuka, huku ugali wa ulezi ukinukia jikoni. Kisha debe lile likayameza. Bibi akisema limevimba, anajibiwa, “Basi kayale mwenyewe, bibi.”

Mwaka ule mgeni rasmi wa mahafali alikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote, aliyenunua hata ghala la ushirika. Shule ilikuwa inataka mabati ya bwalo. Binti wa fundi alipangiwa kuwatumbuiza wageni kwa Kiingereza, maana Kiingereza ndicho kilichoonyesha kwamba shule ni shule. Akatunga ufokaji wake juu ya debe. Mwalimu aliusahihisha mwenyewe, akacheka kidogo, akamwambia mahali fulani aweke neno zito zaidi.

Siku ikafika. Alifoka pale uwanjani mbele ya meza kuu kama mtu anayetwanga, na meza kuu yote ikasimama kumpigia makofi. Mgeni rasmi alipiga kuliko wenzake. Halafu akaomba kipaza sauti.

“Mwanangu, Kiingereza chako safi. Hebu wasemee na wazazi kwa Kiswahili, nao wafaidi.”

Binti alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Basi binti akasema:

“Debe lako lina mimba, mzee, na mimba ni ya kwako,
linajifungua ghalani, mtoto ni jasho la mwenzako.”

Kisha kule nyuma, walikokaa akina mama, kicheko kikaanza kidogo kidogo, kikapanda, na mmoja akapiga kigelegele. Bibi yangu alisimama na mkongojo wake. “Rudia, mwanangu,” akasema.

Hakurudia. Mgeni rasmi aliondoka kabla ya pilau.

Jumatatu, mkuu wa shule alimwita binti mbele ya mstari, akamwamuru aombe radhi, la sivyo shule basi. Na kwa kuwa sheria ya mstarini ilikuwa Kiingereza, aombe kwa Kiingereza.

“Nitaomba kwa Kiswahili, mwalimu,” alisema. “Kwa Kiingereza sikumkosea.”

Kabla ya saa sita alikuwa anakatiza sokoni na kiti chake kichwani, maana kila mwanafunzi alikuja na cha kwake. Mwalimu wa Kiingereza aliendelea na kipindi. Bibi aliposikia alisema mbwa anayebweka kwa lugha ya kigeni hufugwa. Anayebweka kwa lugha ya nyumbani hupigwa mawe.

Fundi alihama msimu uliofuata. Binti yake, nasikia, yuko Kasanga, anauza vitenge kwa watu wa boti za Zambia, na Kiingereza chake kinawashangaza. Bibi hayupo. Kaseti hazipo. Debe lipo, juzi nimeliona Mwimbi, tumbo lilelile.

Nilikuja kwa sababu shule yetu ilinialika mahafali. Bwalo lina mabati, na jina la mnunuzi limechorwa ukutani kwa rangi ya bluu. Watoto walifoka kwa Kiingereza juu ya haki, tukapiga makofi. Nilipopewa nafasi nilimwomba msichana aliyeongoza aseme yaleyale kwa Kiswahili, nao wazazi wasikie.

Akamtazama kwanza mwalimu wake. Mwalimu akatazama saa.