Bomba Lililolala Sawasawa

Naanza na la kweli, kwa kuwa la uongo limekwisha bisha kila mlango wa jengo hili. Binti yangu wa pili, fundi bomba, hakuharibu dari ya jirani wa chini kwa uzembe. Wala sikumfukuza kwa ufagio. Ufagio niliushika, ndiyo, lakini nilikuwa nasukuma maji.

Nilifundisha miaka thelathini na mmoja, na nilitaka naye ashike chaki. Alipomaliza masomo akaniambia anakwenda chuo cha ufundi kujifunza mabomba. Baba yake, aliyekuwa seremala, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamnunulia koleo. Hadi leo, akibisha hodi na sanduku lake la vifaa, wateja huchungulia nyuma yake na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Yeye hujibu, "Ndiye huyu, anaomba aonyeshwe jikoni."

Mashine yangu ya kufulia ilianza kugoma kutoa maji miaka miwili baada ya mume wangu kufariki. Binti alikuja, akapitisha waya kwenye bomba, akatoa tonge la sabuni na nyuzi za nguo, mambo yakatulia. Hazikupita wiki tatu. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa sebuleni nasoma, nikahisi miguu imelowa. Nilikurupuka. Jikoni kote povu! Maji yalikuwa yanafoka kutoka mdomo wa bomba, pale mpira wa mashine unapoingia.

Kabla sijapata la kufanya, jirani wa chini alikuwa mlangoni, taulo kichwani.

"Mwalimu, kwangu mvua inanyesha chumbani! Huyo binti yako ufundi alijifunzia ndotoni?"

Jirani huyu ndiye katibu wa kamati ya wakazi. Jioni ile ile kamati ilikuwa ikutane kuchagua fundi wa mabomba ya jengo zima, nyumba kumi na sita, na binti yangu alikuwa ameomba kazi hiyo.

"Leo nitawaambia wenzangu wasithubutu," akasema, na hakuondoka. Alisimama pale pale, mikono kiunoni.

Binti alifika mbio. Hakujibizana naye. Alifungua chujio la mashine: safi, kifungo kimoja tu cha shati. Akachomoa mpira kutoka kwenye bomba.

"Mama, shika ndoo."

Akawasha mashine itoe maji. Yaliruka kwa nguvu, nusura ndoo inidondoke.

"Mashine ni nzima," akasema. "Ugonjwa uko kwenye bomba."

Akabandua mbao za chini ya makabati. Bomba lilipita nyuma yake hadi bafuni, kama mita nne. Alililaza baba yake kwa mikono yake, mwaka tuliponunua mashine. Binti akaweka pimamaji juu yake. Kipovu cha ndani ya kioo chake kikasimama katikati. Akakisogeza kifaa mbele, kipovu katikati. Mwisho kabisa, katikati. Akakaa chini kwenye maji kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Nini?"

"Halina mteremko, Mama. Limelala kama rafu ya vitabu. Maji yanasimama humo, uchafu unatuama. Hata nikilizibua kila wiki, litaziba."

Mume wangu! Mtu ambaye milango yake ilifungwa kwa kidole kimoja, ambaye meza zake hazikuwekewa karatasi chini ya mguu! Alikuwa amelaza bomba la maji machafu kama seremala anavyolaza rafu. Siku alipolilaza aliniita nikione kile kipovu, nami nikampigia makofi.

Lakini mshtuko wenyewe ulikuwa bado. Binti alianza kukusanya vifaa huku mimi nikisukuma maji kwa ufagio, akaninong'oneza.

"Nitasema nilikosea mimi, waya haukufika mwisho. Baba aachwe apumzike."

"Na kazi ya jengo?"

"Kazi zipo nyingine."

"Ziko wapi?"

Akafunga sanduku lake. Kwa miezi saba alikuwa akiishi kwa sinki moja leo, koki moja wiki ijayo. Nami, naungama, kwa muda wa pumzi mbili niliona sawa. Niliona jina la baba likibaki safi na la binti likifagiliwa pamoja na povu, na sikusema kitu. Maji hayakunishtua kama nilivyojishtua mwenyewe.

Nikaweka ufagio chini.

"Jirani, ingia utazame. Bomba hili alililaza mume wangu, na alilikosea. Binti yangu ndiye aliyegundua. Kawaambie kamati hivyo hivyo."

"Mwalimu! Marehemu?" Akajiziba mdomo kwa taulo.

"Marehemu. Alikuwa seremala. Mlango wako aliokutengenezea, unafunga haufungi?"

"Unafunga."

"Basi."

Binti alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana. Mchana huo alilikata bomba, akaliinua upande wa mashine vidole vinne, na maji yakaenda zake. Jioni jirani aliwaeleza wenzake alichokiona, na kamati ikampa binti kazi.

Sasa wapo wanaosema nilimvunjia mume wangu heshima kaburini. Wengine huja na swali la pole pole: je, nilimwomba radhi? Nilimwambia nini? Hayo ni yangu na mume wangu. Sisemi, na msiniulize tena.