Sindano ya Ng'ombe na Hofu Iliyonikaa Tumboni

Kabla ya fahali yule, sikuogopa chochote chenye kwato. Nilikamua ng'ombe wanne kila asubuhi shambani kwetu, nje ya Elburgon, huku binti yangu Faith akinishikia ndoo.

Asubuhi moja fahali wa jirani alivunja ua. Alinibana kwenye nguzo, pembe ikazama pajani, ikazunguka, ikatoka na nyama. Nilisikia mfupa ukikwaruzwa. Gambuti langu mguuni lilijaa damu.

Nilishonwa, lakini kidonda kikatunga usaha. Badala ya kurudi kliniki, nilichukua antibiotiki ya ng'ombe iliyokuwa pale stoo, nikajidunga. Wiki baada ya wiki.

"Mama Faith, ukianza kulia moo nakupeleka mnadani," mume wangu alinitania.

Kidonda kikafunga, tumbo likafunguka. Niliharisha maji, kisha kamasi, kisha damu. Na hofu ikaota meno. Harufu ya maziwa mabichi tu ilinitetemesha. Siku moja Faith aliingia jikoni, sweta likinuka zizi, akanigusa mgongoni. Niligeuka na panga nililokuwa nikipasulia kuni. Lilipita karibu na sikio lake, likazama mlangoni.

"Mama, ni mimi!"

Siku hiyo hiyo Baba Faith alimpeleka kwa shosho, nyanya yake, kule Molo. "Nakupenda," aliniambia, "lakini mtoto ni huyu mmoja tu. Atarudi ukipona."

Hospitalini Nakuru, daktari aliposikia nilichojidunga, alivua miwani.

"Kwani wewe na ng'ombe mna uzito sawa?"

Kisha akanieleza. Utumbo una bakteria wengi wanaotufaa, na huenda dawa ile iliwafyeka pamoja na wabaya. "Kuna watafiti wanaodhani bakteria hao wanahusika na jinsi ubongo unavyojifunza kuogopa, na unavyojifunza kuacha. Kwa binadamu bado hatuna hakika. Siwezi kusema panga lile lilitoka tumboni. Tutatibu vyote viwili."

Tumbo lilitulia kwanza. Kwa hofu nilipewa mshauri. Alininusisha sweta la Faith, akanisimamisha langoni pa zizi, mwishowe akaniambia nimguse ng'ombe. Nilitapika. Siku moja niliuma mkono wangu hadi ukatoka damu ili nisimpige mshauri.

Baada ya miezi minane, Faith alirudi. Nikiwa nakamua, ng'ombe alirusha teke, ndoo ikaruka, mtoto akapiga mayowe kando yangu. Vidole vyangu vilikunja ngumi. Nikavikunjua, kimoja kimoja.

"Mama, umeogopa?"

"Sana."

"Lakini hujanipiga," alisema, akaenda kuokota ndoo.

Wewe unayejidunga dawa ya mifugo, acha leo, uende hospitali. Na hofu ikianza kukuinulia mkono, mwambie mtu mapema. Namshukuru Mungu, na namshukuru mume wangu aliyethubutu kumwondoa mtoto mikononi mwangu. Asingethubutu, haya ningeyaandika gerezani.