Mlinzi wa Bwawa la Mushagalusa

Ignace alikuwa mume wangu miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo sikumwona akilinda kitu chochote, hata sufuria ya maharagwe isiungue. Ndiyo maana nilicheka niliposikia amepewa kazi ya kulinda bwawa.

Bwawa ni la patron Mushagalusa, tajiri wa mtaa wa Nguba, mjini, aliyenona kwa dhahabu ya machimbo ya Luhwindja. Aliziba kijito chetu kwa ukuta wa udongo, akaweka mitumbwi ya kukanyaga kama baiskeli, na Jumapili watu wa mjini huja kula brosheti za mbuzi na kupigana picha. Chini ya ukuta, bondeni, kuna nyumba kumi na moja za mbao. Moja ni yangu. Ignace aliihama akaenda kwa Ornella mwenye meno mazuri, akaniachia watoto watano na bati linalovuja.

Msimu wa mvua uliopita, ukuta ulianza kutoa maji chini, membamba, yenye rangi ya udongo. Mimi sikusoma, lakini maji yakitoka na udongo, ujue ukuta unaliwa tumboni.

Serikali ikamtuma injenia, Yannick, kupima hatari ya bwawa. Swali lake lilikuwa moja: ukuta ukibomoka, nani atakufa? Kama ni migomba tu, bwawa linaandikwa daraja la chini, patron analala usingizi wake. Kama ni watu, daraja la juu: maji yapunguzwe, ukuta ujengwe upya.

Na sisi tulifanya nini? Tulipoona kizibao cha rangi ya machungwa na daftari, tulijifungia ndani. Kwetu mtu wa daftari huja kudai kodi au kubomoa. Mimi mwenyewe nilipita mlango kwa mlango: "Zimeni moto, asione moshi!"

Injenia akatazama bonde lililonyamaza, akamuuliza mlinzi:

"Kule chini kuko watu?"

"Hapana, chef. Ni mashamba tu."

Tatiana, jirani yangu anayechoma brosheti pale juu, alisikia, akateremka mbio kuniambia kwamba mtu wa daftari hakuja kubomoa, anaandika kama kuna watu wa kufa. Nilipanda kilima kitambaa kikinidondoka kichwani. Injenia alikuwa anamaliza soda yake, kalamu mkononi.

"Jambo, Papa Elysée!" nikamsalimia Ignace kwa heshima zote.

Akajifanya anahesabu mitumbwi.

Injenia akainua kichwa. "Elysée ni mutoto yake?"

"Wa kwanza. Umuulize analala wapi."

"Maman, usiniletee fujo ku kazi," Ignace akanong'ona.

"Papa, Elysée analala wapi?" injenia akamuuliza.

Ignace akachongoa midomo, akaonyesha chini bondeni. Hata mkono aliona uvivu kuuinua. Nikapiga yowe, milango kumi na moja ikafunguka, watu wakamwagika nje kama kumbikumbi. Injenia akahesabu sitini na watatu, akafuta, akaandika upya.

Patron akaamriwa kushusha maji. Ignace mwenyewe ndiye aliyefungua robine kubwa ya kutolea maji, siku tatu, mpaka mitumbwi ikakaa kwenye matope kama bata wagonjwa. Wateja wakakimbia. Patron akamwambia mlinzi aende nyumbani, na Ornella hakuwa na hamu ya mwanaume asiye na kazi.

Juzi nilikuwa nasonga bugali, nikasikia hodi.

"Maman Elysée? Ni mimi. Hakuna hata bugali kidogo?"

Sikufungua. Nikamjibu kupitia ufa wa mbao:

"Huku hakuna watu, chef. Ni mashamba tu."