Mjukuu wangu aligoma kumsemesha marehemu kwa AI, Kariakoo

Wakuu, habari za humu ndani. Mlio wadogo kwangu, marahaba, najua mlikuwa mnajiandaa kunisalimia.

Mimi ni bibi wa Magomeni. Shule niliishia darasa la nne, hapa naandika kwa kidole kimoja na simu inanibadilishia maneno njiani. Mkiona neno limekaa upande, vumilieni. Haya niliyoyaleta nimeyaona kwa macho yangu, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nasoma sana nyuzi zenu. Kila siku mnalia kwamba vijana hawana adabu, wakishika kompyuta ndiyo kabisa. Sasa leo nawaletea wa kwangu.

Miaka mingi niliuza chai na vitumbua Kariakoo, mbele ya duka la vitenge la Bi Thuwaiba. Mwarabu mmoja mnene, mcheshi, anakunywa chai yangu huku anaiponda kwamba tangawizi nimebania.

Wateja wake wakubwa walikuwa wa mikoani. Songea, Tunduru, Masasi huko. Wengi hawajawahi kuiona sura yake. Zamani walikuwa wanapiga simu, baadaye zikaja hizi voice note. Yeye anawachagulia vitenge, anafunga bunda, anapandisha kwenye basi. Mtu anapokea mzigo ambao hajauona, ameiamini sauti tu.

Na sauti yenyewe ilikuwa na mwendo wake. Anakohoa kidogo, halafu, "Ehee, mama watoto." Hapo atakuuliza mguu wako, mtihani wa mwanao, mbuzi wako aliyepotea karudi au ndiyo basi. Vitenge vinakuja mwisho kabisa.

Majirani walikuwa wanamtania, "Bi Thuwaiba, wewe unauza vitenge au unauza soga?"

Anawajibu, "Nauza soga. Kitenge nawapa nyongeza."

Basi, akafariki. Tumemzika, hitma yake nimekula. Duka akashika mwanawe, Nassor.

Turudi kwa mjukuu wangu, Tatu. Nimemlea mwenyewe tangu hajaota meno. Kasoma kompyuta mpaka chuo, kisha akakaa nyumbani muda mrefu hana kazi. Jirani yangu mmoja alikuwa ananiuliza kwa sauti, makusudi Tatu asikie, "Huyu alisomea kompyuta au alisomea kulala?" Nilikuwa nameza maneno.

Mwisho akapata. Ofisi ndogo ghorofani hukohuko Kariakoo, wanatengeneza mashine za kuwajibu wateja wa maduka kwenye simu. Akili mnemba, nyie mnaiita AI. Aliwekwa majaribio kwanza, akifanya vizuri apewe mkataba. Mkataba ule niliuombea kila sala.

Sasa jioni moja nachambua mchele, Tatu yuko kwenye mkeka na laptop yake. Nikasikia kikohozi.

"Ehee, mama watoto. Mama Furaha, mguu unaendeleaje?"

Wakuu, ungo ulinidondoka. Mchele wote chini. Nikasema, "Tatu, zima. Zima hicho kitu."

Akazima. Akaja kunishika mikono. "Bibi, samahani, sikujua kama kitasikika. Ni mashine. Imefundishwa kwa voice note zake za zamani."

"Nani kawatuma?"

"Nassor."

Hapo akanieleza. Kumbe Nassor hakuwaambia wateja wa mikoani kwamba mama yake amefariki. Aliogopa watahamia maduka mengine. Aliwaandikia kwamba mama koo linamsumbua, sauti imekauka. Sasa akataka mashine iwajibu kwa sauti ya mama, ionekane kapona.

Nikamuuliza, "Na wewe unaifanya kazi hiyo?"

Akasema, "Nimepewa niikague kabla haijaanza. Ikijibu, jibu linanisubiri mimi nibonyeze ndiyo liende. Na sijabonyeza."

Halafu akanisikilizisha voice note iliyoingia siku ileile. Mama Furaha wa Songea, mwenyewe mzima mzima. Anasema binti yake kajifungua mtoto wa kike, wamempa jina la Thuwaiba. Anasema, "Bi mkubwa, nataka nimlete wajina wako umbariki. Nikupate lini?"

Na mashine ilikuwa imeshamwandalia jibu. Kwa sauti ileile, na kikohozi chake. "Mashallah. Mlete tu, mama watoto, mimi nipo dukani kila siku."

Bi Thuwaiba yuko makaburini, mashine inamkaribisha mtu dukani.

Kesho yake Tatu akaenda kwa bosi wake. Hakwenda kwa ubishi. Alimwambia, bosi, hii ikienda, siku mteja akijua, hawatamlaumu Nassor peke yake, watatuuliza sisi tulioitengeneza. Bosi akamjibu kwamba mteja kataka sauti ya mama, apewe sauti ya mama, na kama yeye moyo mwepesi, mkataba upo kwa wenye moyo mgumu.

Tatu akaomba kitu kimoja tu. Aende kuongea na Nassor kabla haijawashwa. Bosi akasema nenda, ila tukimpoteza huyu na wewe umejipoteza.

Mimi nikavaa khanga zangu. Nilitaka kwenda kumnyoosha yule kijana mbele ya wapagazi wake. Tatu akaniambia, "Bibi, tutaenda wote, ila uniachie mimi niongee. Ukimfokea atatetea uongo wake mpaka mwisho. Mtu akiaibishwa hasikii."

Nikaahidi. Niliumia, lakini nikaahidi.

Tukafika. Nassor akanipa shikamoo, akaagiza soda. Kakonda mtoto wa watu, macho mekundu.

Tatu hakuanza na mashine. Akaanza na yeye. "Kaka Nassor, tangu msiba umepumzika hata kidogo?"

Akacheka bila furaha. "Nipumzike nani ashike duka? Wewe hujui, dada. Hawa wananunua kwa mama, hawanunui kwangu. Wakijua hayupo, wiki hiyohiyo wako kwa jirani."

"Naelewa. Na mimi nataka duka lako libaki, ndiyo maana nimekuja. Naomba usikie kitu kimoja, halafu uamue mwenyewe."

Akamsikilizisha voice note ya Mama Furaha. Akamsikilizisha na jibu la mashine. Kisha akamwekea simu mkononi, kidude cha kutuma kipo wazi.

"Kaka, mimi hii nashindwa kuibonyeza. Ukiibonyeza wewe, yule mama anapanda basi na kichanga. Atafika hapa. Utamwambia nini?"

Nassor alikaa juu ya bunda la vitenge. Mpagazi mmoja akaingia kuuliza mzigo wa Masasi, akaona hali ile, akarudi kinyumenyume.

Nilitaka kusema neno. Tatu akaniangalia tu, nikanywa soda yangu.

Baadaye Nassor akasema, taratibu, "Ile sauti naisikiliza mwenyewe, dada. Siyo kwa ajili ya wateja tu."

Hapo ndipo mjukuu wangu alinishinda. Mimi ningesema unaona sasa. Yeye akamwambia, "Zile za kwake za kweli nitakuhifadhia zote, ni zako na ndugu zako. Hakuna wa kukunyang'anya. Ila hii ya mashine siyo mama. Mama hajasema haya."

Nassor akalia. Nadhani alikuwa hajalia tangu mazishi, alikuwa anakimbizana na mabunda tu.

Akachukua simu, akajirekodi kwa sauti yake mwenyewe. Akafuta. Akajirekodi tena. Akawaambia wateja wote kwamba mama ametangulia mbele ya haki, kwamba aliogopa kuwaambia, kwamba anaomba radhi. Akatuma tukiwepo.

Wakuu, zile simu zilizoingia pale sijui nizielezeje. Watu wanalia toka Tunduru. Mmoja kamkaripia haswa, "Umetunyima hata kumsomea dua, mwanangu." Nassor anajibu tu, nisamehe mama, nisamehe baba. Siwadanganyi, wapo waliohama. Lakini waliobaki wamebaki na yeye, siyo na kivuli.

Mashine haikutupwa. Tatu kaitengeneza upya. Inajibu rangi gani ipo, bunda limepanda basi gani, na kabla ya yote inasema: mimi ni mashine ya duka, ukitaka mtu nitamwita Nassor. Sauti siyo ya mtu yeyote. Nassor mwenyewe alimpigia bosi akasema kazi hii naitaka, na ninamtaka binti huyuhuyu. Bosi kampa Tatu mkataba, na siku hizi jipya lolote likija anamtuma yeye aongee na mteja kwanza. Nimeuona mkataba, nimeushika. Jirani yangu nilimpitishia vitumbua asubuhi ile, sikumwambia kitu, nikamwachia sahani tu.

Mama Furaha alikuja kweli. Alikuja akijua. Nilikuwepo, Tatu alinijulisha nikakimbilia. Alisimama mlangoni na kile kichanga, anamwangalia Nassor, hawajuani sura.

Nassor akainuka. Akakohoa kidogo, sidhani kama alijua anakohoa.

"Ehee, mama watoto. Mguu unaendeleaje?"

Yule mama akampa mtoto ambebe, akajifunika uso na khanga. Habari za vitenge zilikuja mwisho kabisa, kama alivyokuwa anafanya marehemu mwenyewe.

Nilichojifunza mimi mzee: hizi mashine kuzijua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumkatalia mtu anayekulipa bila kumvunja, ukakaa naye mpaka aone mwenyewe. Tatu hakufundishwa na mimi hilo, mimi ningefoka. Sijui kalitoa wapi. Najivunia tu.

Sasa nyie mnaofanya kazi hizi humu, nawauliza. Mngekuwa ninyi, majaribio hayajaisha, bosi amekasirika, jibu liko tayari limebaki kidole tu. Mngebonyeza? Semeni kweli, msinipambe kwa sababu ni bibi. Nitasoma yote, kujibu nitachelewa, kidole kimechoka.