Imezidi Nini?

Juzi nilikuwa mjini Eldoret kwenye foleni ya ofisi moja ya serikali, na mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa akigombana na mtu kwenye simu. Alimsikiliza kidogo, kisha akasema, "Hapana, hii sasa imezidi." Kabla sijajizuia nikamwuliza, "Imezidi nini?" Aligeuka, akanipima kwa macho kutoka kichwani hadi viatuni, akasogea mbele na kuukumbatia mkoba wake. Sikumlaumu. Nami ningemkimbia mtu wa namna hiyo. Lakini swali lile sikulitoa hewani, nililipata utotoni, hapa hapa Eldoret, na lilinigharimu kofi moja la haja. Hebu kaa nikusimulie.

Tuliishi kwenye ploti ya nyumba za mabati pembeni mwa mji. Wazazi wangu walikuwa wamekuja kutoka upande wa ziwa, wakati huo baba akiwa kijana mwenye cheti na matumaini, akapata kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba, juu ya gunia lililotandikwa chini. Nikikumbuka nyumba ile nasikia kwanza ile harufu, omena iliyokaa juani, na baada ya harufu nasikia mapigo.

Maana kwetu kila kitu kilipigwa. Wakati wa mavuno mama alikwenda Soy, nje ya mji, kuvuna mashamba ya watu, akilipwa kwa mahindi, na yale mahindi tuliyatia guniani tukayapiga kwa rungu mpaka punje ziachane na magunzi. Ploti nzima ilifanya hivyo, na kwa majuma kadhaa ungedhani kuna vita. Mablanketi yalipigwa kwenye jiwe. Mbwa walipigwa kwa kupita tu. Watoto tulipigwa na yeyote aliyekuwa na mkono, na kisha tukapigana wenyewe kwa wenyewe ili tusipoteze mazoea. Hata Kiswahili chenyewe hakikutusaidia: ukinyoosha shati unapiga pasi, ukifika mlangoni unapiga hodi, na darasani unapiga hesabu. Mwalimu wetu wa hesabu aliichukua hiyo ya mwisho neno kwa neno.

Alikuwa mtu mfupi, koti lake limeliwa viwiko, naye alitoka upande wa ziwa kama sisi. Ungedhani angetuhurumia kwa ajili hiyo. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji alichokikata kwa urefu wa mkono wake, akakipa jina la Kamusi. Mtoto akikosea neno mwalimu alisema kwa upole, "Kuja tulitafute kwa Kamusi," na mtoto aliinama.

Alishikilia kwamba hesabu ni lugha, tena lugha ngumu kwa sababu haina neno la bure. Kitabu chetu kilikuwa cha Kiingereza. Mtoto alisoma swali, kisha mwalimu alisema, "Sasa sema kwa Kiswahili." Tulisema. "Sasa sema kwa alama." Hapo ndipo watu walipoanza kulia mapema. Neno "na" lilikuwa msalaba mdogo wa kujumlisha. Neno "ni" lilikuwa mistari miwili iliyolala, na alituonya tusiiandike bila kufikiri, kwa sababu ukisema kitu ni kitu umeapa. Kitu usichokijua kiliitwa x, nacho kilistahili heshima kama mgeni ambaye hajataja jina. Nilipenda somo lile. Nililipenda mno, na hilo linanikera mpaka leo, kwamba kitu kizuri namna ile niliingiziwa kupitia mgongoni.

Siku moja alinisimamisha. "Baba anamzidi mama kwa miaka mitano. Andika miaka ya baba." Nikaenda ubaoni kwa majivuno. Miaka ya mama niliita m. Nikaandika tano mara m, nikageuka kungoja sifa.

Mwalimu aliutazama ubao. "Mama yako ako na miaka ngapi?"

"Thelathini, mwalimu."

"Kwa hivyo baba yako ako na mia moja na hamsini. Alishuka kwa safina ya Nuhu?"

Darasa lilicheka mpaka madawati yakagonga ukuta. Mimi nilikuwa nimesikia "kuzidi" nikakimbilia "kuzidisha", na sidhani kama kuna mtoto wa lugha nyingine yoyote anayeweza kuanguka kwenye shimo hilo. Ni neno moja lililozaa watoto wawili wasiosalimiana. Mwalimu alinifundisha tofauti yao kwa Kamusi. "Zidi," akapiga, "ni kuongeza." Akapiga. "Zidisha," akapiga, "ndiyo mara." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na mpira ulikuwa na ncha inayorudi, ukipigwa mgongoni unakufuata hadi ubavuni. Wakati wa mapumziko msichana mmoja akaniita mtoto wa Nuhu, nikamng'ata bega mpaka nikaonja chumvi. Nikapigwa tena kwa hilo, na nilihisi ni haki yangu.

Kipindi kilichofuata mwalimu aliandika ubaoni alama mpya, mistari miwili iliyokutana upande mmoja na kuachana upande wa pili, kama mdomo wazi. "Hii pia ni imezidi," akasema. "Mdomo unafunguka upande wa kikubwa. Lakini mnisikize vizuri. Hii neno haisimami peke yake, lazima iwe na pande mbili. Mtu akikuambia imezidi, muulize imezidi nini. Akikosa jibu, hajasema kitu." Akaufuta upande mmoja, mdomo ukabaki wazi bila chochote mbele yake, na kweli ulionekana kama upuzi.

Sasa, nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa kama chumvi, halikukosekana. Baba alikuwa mtu mpole kazini, na mjini watu walimsalimia kwa mikono miwili. Akifika kwake alivua koti, akalitundika vizuri, na baada ya hapo hatukujua kitakachofuata. Alimpiga mama kwa sababu ya mboga yenye mchanga, kwa sababu ya mteja aliyecheka naye, kwa sababu ya kunyamaza. Alimpiga kwa mkanda, kwa mwiko, na siku ambazo hakuwa na haraka alimpiga kwa mkono, na sisi watoto, mimi na mdogo wangu wa kike, tulikaa chini ya meza tukishikana. Nilimchukia. Nilitamani afe akiwa njiani, na nikawaza jinsi nitakavyolia msibani ili watu wasinishuku.

Baada ya kila kipigo jirani yetu wa mlango wa pili alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando yenye masizi, akammiminia mama kikombe. Alikuwa mwanamke wa Kikalenjin, mnene mwenye sauti nzito, na alimpenda mama kweli. Mama aliyanywa kidogo kidogo kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima, kisha akasema, "Mama, hii sasa imezidi." Jirani akasema, "Vumilia tu, mama. Watoto ni wadogo." Walisema hivyo kila mara, kama watu wanaoitikiana kanisani.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka shule na somo likiwa la moto kichwani. Mama akasema imezidi. Nikauliza, "Imezidi nini?"

Kofi lilinifikia kabla sijafunga mdomo. Mkono wa mama ulikuwa na magamba ya omena, na yalibaki shavuni. "Unanicheka?" alisema. "Hata wewe?" Nilijaribu kueleza kwamba ni hesabu, kwamba mwalimu ndiye aliyesema, lakini nilikuwa nikilia na maneno yakatoka vipande vipande. Jirani akanitoa nje, akaniambia mtoto mwenye adabu hachokonoi kidonda cha mzazi.

Lakini mama hakulisahau. Siku chache baadaye, tukichambua omena kwenye ungo, alisema bila kunitazama, "Hiyo kitu ya mwalimu wenu ni gani?" Nikachukua vijiti viwili vya kibiriti, nikaviweka kwenye ungo vikiwa mdomo wazi. Nikaweka omena kubwa upande wa mdomo, na ndogo upande wa ncha. Nikamwambia, kubwa imezidi ndogo. Akavigeuza vijiti, akabadilisha samaki, akavigeuza tena. Aliacha shule akiwa mdogo, lakini alishika upesi kuliko wengi darasani mwetu, na hakuna aliyempiga ili ashike.

"Na mtu asipojua ni nini iko hiyo upande ingine?"

"Mwalimu anasema basi hajasema kitu."

Akacheka kidogo kwa pua. Kisha akavifagia vijiti kwa kiganja, akarudi kwenye samaki wake, na sikumsikia tena akisema imezidi. Jirani alikuja na kibuyu, mama akanywa, akarudisha kikombe. Jirani alidhani amezoea. Mimi nilijua anatafuta, na niliogopa kwamba atauawa kabla hajapata.

Ilikuwa Jumamosi ya mavuno, mchana mweupe, mimi na mama tukipiga mahindi uani. Baba alirudi mapema. Alikuta moto haujawashwa, akauliza chakula kiko wapi, na mama akajibu kwamba mahindi yakilowa mvua yataoza. Ni hayo tu aliyosema, tena kwa heshima. Baba alimpokonya rungu lile la mahindi, kwa namna mtu anavyompokea mwenzake mzigo, akalizungusha mara moja. Lilimpata mama kwenye taya. Nimewahi kusikia tawi likivunjika na mfupa wa ng'ombe ukipasuliwa kwa shoka, na sauti ile haikuwa kati ya hizo. Mama alianguka juu ya gunia. Damu ilimwagika kwenye punje tulizokuwa tumekwisha kuzitoa. Baba alimtazama, akaliweka rungu chini taratibu, akachukua koti lake akaenda kunywa.

Jirani alimfunga mama taya kwa leso iliyolowa maji, akamkalisha kwenye kigoda ndani. Mursik haikumiminwa, mdomo haukuwa na pa kupitisha kitu. Naye, kwa kuwa hakuwa na neno jingine, akaanza, "Mama, vumilia, watoto..."

Mama aliinua mkono. Aliinama, akachukua kipande cha mkaa kwenye jiko, na kwenye sakafu ya simiti akachora ile alama, mdomo wake umefunguka kushoto. Aliichora sawasawa. Kwenye upande wa kushoto hakuandika kitu, alijigusa tu leso. Kisha kwenye upande wa ncha, ule uliokuwa mtupu siku zote hizo, akachora duara.

"Hiyo ni nini, mama?" jirani akauliza.

"Ni sifuri," nikasema.

"Sifuri gani?"

"Anasema imezidi sifuri. Hata kipigo kimoja kimezidi."

Jirani aliitazama ile sakafu. Sidhani kama alikuwa amesoma hesabu hata siku moja, lakini niliona ikimwingia, polepole, na uso wake mkubwa ukabadilika, kana kwamba na yeye anakumbuka mambo ya nyumbani kwake. Akasimama, akafuta mikono kwenye sketi. "Nguo za watoto ziko wapi?" akasema.

Tuliondoka kwa pikapu ya maziwa ya mkwe wa jirani, iliyokuwa ikirudi Ziwa, ule mji mdogo wa wafugaji upande wa Soy, si ziwani kwetu, na mitungi mitupu, mama amelazwa nyuma kwenye gunia. Jirani alibaki amesimama mlangoni petu akiwa ameshika rungu lile lile, na tulisikia baadaye kwamba baba alipofika, jirani alimwambia, "Pita uone." Hakupita.

Huko Ziwa tulipokelewa na dada ya mama aliyekuwa akikamua ng'ombe kwenye shamba moja. Nilianza shule nyingine. Mara ya kwanza mwalimu wa huko aliponiambia niiname, nilikataa, nikamwambia imezidi, na aliponiuliza imezidi nini nilimjibu. Nilifukuzwa, nikarudishwa, nikapigwa na walimu wawili. Nililia kwa hasira, si kwa maumivu. Mama naye hakunigusa tena maishani, ingawa zipo siku nilizostahili na ninazijua.

Ile ploti haipo. Pamejengwa ghorofa lenye maduka chini, wanauza simu pale tulipopigia mahindi. Kiboko kimepigwa marufuku shuleni, na watoto wangu nikiwasimulia Kamusi wanadhani natia chumvi. Mwalimu alikwisha kufa. Nilipopata habari nilisikitika, nikakasirika kwa kusikitika, kisha nikasikitika tena, maana hakuna mtu aliyenipa zaidi yake. Jirani amerudi kwao na sijui kama yu hai.

Baba naye alikufa, peke yake, katika chumba cha kukodi, na tulikwenda kumzika. Mama yuko Ziwa bado, na ng'ombe wake mwenyewe. Sasa ni nyanya, na wajukuu wakimwuliza habari za babu yao huwaambia hakuwa mtu mbaya, alizidiwa tu. Alizidiwa na kazi, na mji, na pombe. Analisema kwa huruma, nami natamani kumnyamazisha, lakini mume alikuwa wake na si wangu. Basi nakaa karibu naye na sahani magotini, nampukuchulia mahindi ya kuchemsha punje kwa punje, maana ya kuchoma hajayatafuna tangu Jumamosi ile.