Neno la Mwisho la Baba Neema Nililimeza Mimi

Admin, ukiiweka hii kwenye ukurasa, jina langu lisionekane popote. Wakwe zangu nao wana simu siku hizi.

Mimi ni mjane wa miaka 48, mkulima wa korosho huku Masasi. Nimezaliwa kwenye Uanglikana, babu yangu alikuwa mwalimu wa dini. Mume wangu, nimwite Baba Neema, alikuwa Mwislamu wa Makote, Newala. Nilipomleta nyumbani baba alisema bila ubatizo hakuna ndoa. Akabatizwa, akahamia kwetu kama mila za huku zinavyotaka, mume ndiye humfuata mke, na kwa miaka ishirini na mbili akaimba besi kwenye kwaya. Wenzangu walikuwa wakinitania, "Mama Neema, umeokoa mtu." Na mimi kichwa kikavimba.

Mwaka jana ini likamlaza. Asubuhi moja namlisha uji, akausukuma mkono wangu. "Mama Neema, niitie shehe. Nataka nife nilivyozaliwa." Nikamwambia homa imempanda, anywe uji. Kesho yake akarudia, akili zake timamu kabisa: "Nilibatizwa kwa ajili yako, na sijutii. Ila roho yangu niachie."

Msikiti uko karibu, ningekwenda na kurudi kabla uji haujapoa. Sikwenda. Niliwaza kwaya, padri, akina mama wa kanisa, watasema nini. Na nilikuwa na hasira naye, tena hasira mbaya. Miaka yote hiyo tunapiga magoti pamoja, kumbe mwenzangu moyo wake hajawahi kuuhamisha kutoka Makote. Siku ya tatu hakuweza tena kusema, akawa ananiangalia tu mpaka alipokata roho.

Sasa kwetu huku maiti ni ya wajomba. Mke ulie mpaka ukauke, ukoo wa mama mzazi wa marehemu ndio unaosema azikwe wapi na azikweje. Mjomba wake mkubwa alipofika akaniita pembeni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Wewe ndiye uliyemuuguza. Aliacha neno lolote? Kama hakuna, tunawaachia mumzike kikwenu."

Nikajibu, "Hakuacha neno, mjomba."

Aliniamini palepale, hakuuliza mara mbili. Tukamzika kwa msalaba na nyimbo, ndugu zake wamesimama nyuma.

Kinachoniua ni mama yake. Ni bibi wa miaka themanini na kitu, hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ananipigia simu, tunajuliana hali, halafu anauliza. Mwezi uliopita alisema, "Mwanangu, kila nikimaliza kuswali nakwama. Nikitaka kumwombea, naambiwa alishatoka kwenye dini. Nikimwacha, ni mtoto wangu nimemzaa mwenyewe. Kweli hakusema kitu?" Nikamjibu hakusema, halafu nikakaa chini jikoni nikalia kwa sauti.

Nikisema ukweli, wanangu watajua baba yao alizikwa kwa uongo wa mama yao, na kanisani sijui nitakaa benchi gani. Ila kuna jingine baya zaidi, nalisema kwa kuwa hamnijui. Nikisema, Baba Neema anarudi kuwa wa kwao. Nimempenda mtu yule kuliko nilivyompenda Mungu, na nadhani Mungu anajua, maana nikiomba sisikii kitu, naongea na ukuta.

Tafadhali msiniandikie "mwachie Mungu". Huko nimeshatoka.

Jana shemeji amepiga. Mama hali tena chakula, na ameomba niletwe mimi, peke yangu, hataki mtu mwingine chumbani. Kesho asubuhi bodaboda ananipeleka Makote. Najua ataniuliza nini, na najua hatauliza tena. Ndugu zangu, wenye mama na wenye waume, nikishaketi pale kitandani kwake nimjibu nini?